Utafiti Wangu wa Soko, Safu ya Nyuma

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimeanza kuandika shajara. Watu wakubwa wote wanayo. Siku nikifariki tajiri, wajukuu watataka kujua nilianzaje. Basi wajukuu, babu yenu Projest alianzia Igoma, chumba cha uani nyuma ya migomba ya mama yake, akiwa na hasira.

Hasira yenyewe inaitwa Lukman. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tulisoma wote mpaka kidato cha pili, ambapo mimi na shule tulikubaliana kuachana. Yeye akaendelea mpaka cha nne na hakupata cha maana, isipokuwa ile tabia mbaya ya kumsikiliza mtu mpaka amalize. Sasa ana shamba la dragoni Usagara. Dragoni ni lile tunda la pinki lenye magamba, linaota kwenye mmea unaofanana na nyoka mwenye miiba. Ukiliona unadhani limeshonewa nguo ya harusi.

Leo nimepita kwa Odeta, anauza matunda pale stendi. Nimekuta dragoni za Lukman katikati ya meza, juu ya kitambaa. Maembe yamesukumwa pembeni kama wakwe maskini. Nikauliza kwa nini tunda la mtu mmoja likalie kitambaa. Odeta akasema kwa sababu mwenye tunda hilo huwa analeta, haongei tu. Halafu akacheka huku akitazama barabara ya kwenda Usagara, kama vile kuna mtu anamsubiri. Sikuupenda ule upande aliotazama.

Habari kubwa: kuna mnunuzi wa Dar, Bwana Shigela, anapeleka matunda nje ya nchi. Anakuja Jumatatu ijayo kuchagua wakala wa kanda yote hii ya ziwa. Wakala atawakusanyia wakulima wote, atasimamia kreti, atakaa kiti cha mbele kwenye lori. Mmoja tu. Odeta anasema kila mtu anajua atakuwa Lukman.

Mimi sijui. Na mimi ni mtu.

Jumanne, 4 Februari

Nimesoma soko la dunia kwenye simu mpaka bando likaisha. Kwa kifupi: Vietnam wanalima, China wanakula. Wahindi nao wameonja wakapenda. Wazungu wanakula kidogo, wanapiga picha sana. Waarabu wanayataka kupamba meza za futari, na Ramadhani hiyo imekaribia, ndiyo maana Shigela ana haraka. Lukman hajui hata moja katika haya. Yeye anajua kumwagilia.

Nimempigia Shigela. Nikampa shikamoo ndefu. Nikamwambia mimi ni mkulima mkubwa, na kama anatafuta wakala anayejua mpaka habari za Vietnam, amempata. Akauliza shamba langu lina ukubwa gani. Nikatazama nje dirishani. Ndoo ya rangi, ndani yake vijiti viwili.

Nikamwambia bado tunapima.

Msinielewe vibaya, wajukuu. Vile vijiti ni mbegu bora. Mwaka juzi mjomba Muganyizi alikuja kutoka Uganda na gunia la vipande vya dragoni, vyembamba, vina madoa kama ugonjwa. Nilivitazama mara moja nikajua ni takataka. Nikavitupa dampo la mtaa, nikaenda Nyegezi kununua vingine kwa kijana mmoja aliyevaa tai. Mtu havai tai kuuza kitu kibovu. Vijiti vya tai havijatoa hata ua mpaka leo, lakini vina afya ya kutisha.

Alhamisi, 6 Februari

Nimekwenda Usagara kumpeleleza. Sababu niliyotoa: kusalimia.

Nilitafuta kasoro tangu getini. Nguzo za zege zimesimama mistari, kila nguzo imevalishwa tairi kuukuu juu, na dragoni zimepanda zikamwagika kwenye tairi kama nywele za mtu aliyetoka kuoga. Tairi moja lilikuwa na kipara. Nikalisema. Lukman akasema asante Mkurugenzi, atalibadilisha. Ananiita Mkurugenzi. Ananiita bila kucheka, na hapo ndipo panaponiuma.

Na nani alikuwa anazungukazunguka mle akijaza kapu? Odeta. Lukman anamshikia tawi ili miiba isimchome. Mimi imenichoma mara nne na hakuna aliyeshika kitu.

Safu za mbele zilianza kuzaa mwaka jana, ndizo zinazokaa kwenye kitambaa. Safu ya nyuma kabisa, kwenye uzio wa minyaa, ndiyo inazaa mara ya kwanza. Lukman hajapasua hata tunda moja la kule, anasema mnunuzi aje apasue mwenyewe aone. Nikamuuliza mbegu ya kule alinunua wapi. Akasema hakununua. Akaniangalia, kama anataka kuendelea, kisha akaenda kumsaidia Odeta kapu.

Ameiba. Mtu mkimya namna ile lazima kuna kitu anaiba.

Mama yake, Mama Mwaija, akaniletea chai na maandazi, akauliza mama hajambo. Nilikula maandazi yote kwa chuki.

Ijumaa, 7 Februari

Utafiti wa soko. Kampuni kubwa zote zinafanya: unachukua bidhaa ya mpinzani, unaionja, unajua pa kumpigia. Siwezi kushindana na kitu ambacho sijakionja.

Saa ya swala ya Ijumaa Lukman yuko msikitini. Mlinzi wake, Ngosha, analinda geti la mbele na redio yake. Mimi nikaingilia uzio wa nyuma. Minyaa ikanimwagia utomvu kwenye shati zuri. Nikachuma tunda moja la safu ya nyuma, nikajibanza nyuma ya kichuguu, nikalipasua.

Jekundu. Nasema jekundu, kama jeraha. Yale ya Odeta kwa ndani ni meupe na vitone vyeusi, kama wali uliomwagikiwa ufuta. Hili limeoza.

Nilikaa chini kwa furaha. Safu nzima imeozea ndani na mwenyewe hajui, amekaa anamsubiri mnunuzi aje apasue! Kidogo nimwonee huruma. Ikapita.

Nikalila. Uozo mtamu ajabu. Nikachuma la pili, maana mtafiti hawezi kutoa jibu kwa tunda moja. Nalo limeoza. Nikalila pia.

Mama ameniuliza kwa nini midomo yangu ni myekundu. Nimesema ubuyu.

Jumamosi, 8 Februari

Nakufa.

Asubuhi nimekwenda chooni, mkojo ukatoka mwekundu. Mtoto yeyote aliyekulia kandokando ya ziwa hili anajua maana yake. Shuleni tulifundishwa kila mwaka, mkojo mwekundu ni kichocho, halafu wanakuja na ule mti wa kupimia urefu, wanakusimamisha kama mbuzi wa mnadani, mrefu anapewa vidonge vingi. Mimi nilikunja magoti nikapewa vichache. Leo ndiyo naona faida yake.

Lakini kichocho kinatoka kwenye maji, na ziwani sijakanyaga tangu Krismasi. Basi ni tunda. Nimelishwa sumu na Lukman kupitia tunda nililolichuma mwenyewe bila yeye kujua. Ukatili wa mtu huyu hauna mpaka.

Nikaujaza mkojo huo kwenye chupa tupu ya juisi kwa ushahidi, nikaificha. Kisha zahanati. Nesi Sabina akapima, akapima tena, akasema hakuna damu wala mayai ya kichocho, hiyo ni rangi ya chakula tu. Nimekula nini? Nikasema ugali na dagaa. Akasema dagaa wa rangi gani hao. Nikaanza kufunga vifungo vya shati. Akasema ninywe maji, na siku nikikumbuka nilichokula nirudi nimwambie, maana sasa hata yeye ana hamu. Wamama wa kwenye benchi wakacheka mpaka mmoja akamwamsha mtoto wake.

Darubini yao ni ya zamani.

Wosia wangu. Ndoo na vijiti vyake: Odeta, akavimwagilie huku analia. Viatu: mjomba Muganyizi. Lukman asipewe kitu. Hata jeneza asilibebe. Atalibeba vizuri, watu wamsifu.

Jumapili, 9 Februari

Sijafa. Mkojo umerudi wa kawaida.

Mama amenipeleka misa ya kwanza kushukuru, ingawa hajui tunashukuru nini. Padri amehubiri juu ya kutamani mali ya jirani. Niligeuka huku na kule nione anamsema nani.

Katikati ya sadaka mpango ukanijia mzima. Kesho Shigela anafika Usagara, wakulima wote watakuwepo, na Odeta. Nitasimama, nitatoa chupa, nitasema tunda la Lukman linakojoza watu damu. Shigela atashtuka. Atatazama kushoto na kulia atafute mkulima safi. Atanikuta nimesimama hapo hapo, nimevaa koti.

Koti nimeazima kwa mjomba. Hotuba nimeikariri mbele ya mbuzi wa jirani. Inaanza hivi: Mheshimiwa mnunuzi, ndugu wakulima, afya ndiyo kila kitu. Mbuzi alisikiliza mpaka mwisho. Kama Lukman.

Jumatatu, 10 Februari

Naandika nikiwa nimekaa kwa shida, koti limechanika nyuma.

Shigela ni mzee mfupi, kofia kubwa, kisu kidogo cha kukunja. Nilipomwamkia akauliza kama mimi ndiye yule wa bado tunapima. Nikasema ndiyo, kazi inaendelea. Akasema pole na kazi.

Akaanza na safu ya mbele. Akapasua tunda: jeupe. Akaonja, akakunja uso. Akamwambia Lukman kwa upole kabisa kwamba shamba ni safi, kijana amejitahidi, lakini nyeupe hawezi kubeba. Nyeupe Vietnam wanajaza meli. Gharama ya ndege kutoka huku mpaka kwa Mwarabu, na ukifika unakuta jeupe la bei rahisi limeshapangwa dukani. Akasema labda msimu mwingine. Akafuta kisu kwenye suruali, akakikunja, akawa anatafuta gari lake kwa macho.

Lukman akatazama chini. Mama Mwaija aliyekuwa anakuja na birika akasimama nalo katikati ya njia. Hata Ngosha akazima redio. Kila mtu alijua kijana yule amemaliza misimu mitatu akibeba maji kwa ajili ya siku hii.

Wajukuu, hapo nilikuwa nimeshashinda. Naona sasa. Ilibidi kufanya kitu kimoja tu, kunyamaza, kitu ambacho hata jiwe linaweza.

Lakini hotuba nilikuwa nimeikariri. Na Odeta alikuwa anamtazama Lukman kwa huruma, na huruma ya namna ile mimi sijawahi kutazamwa nayo hata nikiwa na malaria. Nikapanda juu ya kreti.

Mheshimiwa mnunuzi, ndugu wakulima, afya ndiyo kila kitu. Nikasema kabla mgeni hajaondoka ajue ukweli wote, kwamba matunda ya hapa yanakojoza watu damu, na mimi ni shahidi na ushahidi huu hapa. Nikatoa chupa. Nikaiinua kama kombe.

Watu wakarudi nyuma. Shigela akaja mbele. Akaichukua chupa, akaielekeza kwenye jua, akaigeuza. Akauliza, sauti imebadilika, kama nina hakika mkojo uligeuka mwekundu baada ya tunda la hapa. Nikasema hakika. Akauliza tunda la nguzo ipi.

Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: safu ya nyuma, Ijumaa, saa ya swala, mawili.

Nikayasikia maneno yangu yakirudi. Ngosha akauliza, taratibu, kama uzio wa nyuma ndio niliopitia, maana alikuta minyaa imelala akadhani ni ng'ombe.

Shigela alikuwa hayupo tena. Alikuwa anakimbia kwenda nyuma, mzee mzima, kofia mkononi. Akachuma, akapasua. Jekundu. Akachuma nguzo nyingine. Jekundu. Akakaa chini ya nguzo akicheka peke yake, juisi inamtiririka kwenye mkono wa shati. Akasema hili ndilo Mwarabu anamsumbua kwa simu kila siku, jekundu ndani, na kila shamba alilopita kanda hii ni jeupe tupu. Akasema mkojo kuwa hivyo ni rangi ya tunda tu, na kwamba wateja wapya humpigia simu wakilia, naye huwa anafurahi, maana anajua wamepata lenyewe. Akasema kama si yule kijana wa chupa, angekuwa ameshafika Usagara njia panda.

Nikasema karibu sana.

Akamuuliza Lukman mbegu hii kaipata wapi. Lukman akanitazama. Akasema, "Mzee, hii ni ya Projest. Aliitupa dampo mwaka juzi, nikaiokota. Juzi nilitaka kumwambia, nikaona aibu."

Gunia la mjomba! Madoa yangu mwenyewe!

Nikaruka kutoka kwenye kreti kwenda kudai haki yangu. Koti likanasa kwenye msumari, likachanika, nami nikaangukia makalio. Nikamwambia Shigela mwanzilishi wa nyekundu ni mimi, uwakala ni wangu kwa asili. Shigela akasema anatafuta mtu anayeokota, wanaotupa anao wengi. Akampa Lukman mkono.

Odeta akaniambia Projest kaka yangu, wengine wanaleta sampuli kwenye mfuko, wewe umejileta mwenyewe na maabara yako. Watu wakaanguka. Nilimngoja Lukman acheke nimchukie vizuri. Hakucheka. Alikuwa amempokea mama yake birika, wote wawili wanalia.

Jumanne, 11 Februari

Mtaa mzima unaniita Maabara. Dereva wa bodaboda ameniuliza majibu yanatoka lini.

Jioni Lukman amekuja nyumbani. Nikajifungia. Nimemsikia akimpa mama shikamoo, akimpa na tunda jekundu, akisema ni zawadi ya mbegu. Mama akalipasua, akaonja, akakitua kisu mezani kwa kishindo. Nikajua sasa kipigo. Akanifuata mlangoni. Akauliza jambo moja: mawili yale nilikula peke yangu? Nikasema ndiyo mama. Akasema, "Peke yako. Na mimi hapa nilikuwa napika." Amenuna tangu saa hiyo. Wizi hajautaja kabisa.

Lukman hakunishtaki. Ameniomba, kupitia mlango uliofungwa, niwe mlinzi wa safu ya nyuma mpaka mzigo wa futari uondoke. Nikauliza kwa nini mimi. Akasema mwizi anayejulikana wa kule ni mmoja tu, akilinda yeye watakuwa salama. Ngosha, aliyekuja naye, ameunga mkono.

Nimekubali, kwa masharti yangu. Cheo changu ni Mkuu wa Ubora na Usalama. Lukman akasema sawa, Mkurugenzi.

Jumamosi, 15 Februari

Mzigo wa kwanza umeondoka kwenda uwanja wa ndege. Lukman kiti cha mbele, kama nilivyosema wakala atakaa. Katikati, Odeta, na kitambaa kile cha meza amekitandika chini ya kreti ya sampuli. Mimi nyuma, juu ya kreti, kulinda. Barabara nzima nimewaona vichogo vyao kwenye kioo. Vikiinamiana. Vikicheka. Nilijaribu kusikia wanacheka nini, upepo ukanijaza vumbi mdomoni.

Uwanjani Shigela amesema Mwarabu ameshaomba mzigo wa pili. Amesema pia hoteli za Mwanza zimeanza kuulizia nyeupe kwa ajili ya juisi. Sikusikiliza. Nyeupe ni habari ya zamani.

Jumatatu, 17 Februari

Nimefika nyumbani nimekuta kile kijiti cha tai kimetoa ua, la kwanza tangu nikinunue. Nikapiga simu kwa yule kijana wa Nyegezi. Amesema hongera, ni nyeupe safi. Nyeupe! Nimeng'oa ndoo nzima nikatupa dampo. Wakati narudi nimepishana na Lukman akielekea huko huko na toroli. Mwache aokote takataka, ndiyo kazi anayoijua.

Mimi nimeshahama zao. Matunda yana kelele nyingi. Leo Odeta alikuwa anamsifia Antoni, kijana anayefuga sato kwenye vizimba ziwani, upande wa Luchelele. Ati sato wake wananenepa kuliko wote, ati Wakongo wanapanga foleni, ati Antoni ni mchapakazi. Alisema mchapakazi mara mbili. Nikamuuliza na Lukman je. Akasema Lukman ni Lukman, halafu akatabasamu na meza.

Basi nimefikiria. Soko la samaki ni kubwa kuliko la dragoni. Siwezi kushindana na kitu ambacho sijakionja. Antoni Jumapili huwa anaimba kwaya, misa ya pili, na vizimba vinabaki na mlinzi mmoja anayetazama upande wa nchi kavu.

Mtumbwi nimeshaazima. Mfukoni nina ndimu na chumvi. Samaki mmoja tu. Wawili, kuhakikisha.